Jahazi Kuukuu Ni la Nani?

Msafiri ashukaye Shimoni asubuhi, maji yakiwa yamejaa, huona majahazi na mashua zimefunga karibu na gati, na ng'ambo ya mkondo Kisiwa cha Wasini. Zamani majahazi ya namna hii yalichukua boriti, nazi, chokaa na papa wakavu kutoka Vanga na Gazi mpaka Mombasa, Pemba na Unguja. Siku hizi baadhi yake yametiwa viti na kivuli cha turubai, nayo huchukua wageni kwenda Kisite kutazama samaki na pomboo. Mbao ni zile zile za kikale, ila kazi imekuwa nyingine.

Mgeni akilitazama jahazi kama hilo huuliza mambo mawili: Je, lina umri gani? Na ni la nani? Maswali hayo huonekana mepesi, lakini mara nyingi majibu yake ni mazito. Shamba lina mipaka, ng'ombe ana alama, na gari lina namba yake na kitabu chake. Jahazi la mbao laweza kuishi miaka hamsini au zaidi, likabadilishwa mbao, tanga, jina na mwenyewe, pasipo herufi moja kuandikwa. Maadamu bahari ni shwari na samaki wapo, hakuna aonaye upungufu. Siku chombo kinapozama, au mwenyewe anapofariki, au mtu anapotaka kukinunua, ndipo ugomvi huanza. Katika makala haya twaeleza habari za vyombo hivyo, na jinsi milki yake ipatikanavyo na jinsi ipoteavyo.

VYOMBO VYA PWANI YA KUSINI

Pwani ya kusini yaanzia Likoni, yapita Tiwi, Diani, Gazi, Msambweni, Funzi na Shimoni, nayo yaishia Vanga na Jimbo, karibu na mpaka wa Tanzania. Chombo kidogo kuliko vyote huko ni mtumbwi, uchongwao kwa gogo moja, mara nyingi la mwembe. Mtumbwi ukitiwa matengo pande mbili ili usipinduke, na ukapewa mlingoti na tanga, huwa ngalawa. Baada ya hapo huja vyombo vya mbao zilizounganishwa: dau, mashua, na mwisho jahazi, ambalo ndilo kubwa na ndilo lichukualo shehena.

Kabla ya haya palikuwa na mtepe. Chombo hicho hakikuwa na msumari hata mmoja, bali mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya kwanza chataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, kwa hiyo ufundi huo ni wa kale sana. Hata hivyo mitepe ilikwisha katika karne ya ishirini. Ilipotakiwa kujengwa mwingine kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib huko Unguja, mwaka 2003, mafundi walilazimika kufuata picha na vielelezo vya kale. Ufundi wa karne nyingi ulikuwa umebaki katika vichwa vya watu, na watu hao walikuwa wamekufa.

Hapa ndipo ulipo mwanzo wa jambo letu. Fundi wa jahazi kwa desturi hachori ramani. Hupima kwa jicho, kwa kamba na kwa mkono wake, naye hufundisha mwanawe au mwanafunzi wake kwa kazi, si kwa maandishi. Hiyo ni elimu ya heshima kubwa. Lakini maana yake ni kwamba chombo chaweza kushushwa majini kikiwa kizuri na imara, huku hakuna popote palipoandikwa kilijengwa mwaka gani, na nani, wala kwa gharama ya nani.

MBAO HUBADILIKA, CHOMBO HUBAKI

Kila chombo kina mkuku, nao ndio uti wake wa mgongo. Juu ya mkuku husimama nguzo za omo na za tezi, kisha mbao za ubavu na mataruma. Mataruma ni mbavu za ndani, nayo hukatwa katika matawi yaliyojipinda yenyewe, kama ya mlilana uotao katika mikoko. Kwa mbao za ubavu mafundi hupenda miti migumu kama mvule na mbambakofi. Nafasi baina ya ubao na ubao huzibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta na kupigwa kwa tindo. Upande wa juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, na upande wa chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Kazi hiyo yote ni vita dhidi ya adui mdogo. Katika maji yetu ya vuguvugu kuna wadudu waingiao ndani ya mbao na kuzitoboa mpaka ziwe kama sega la nyuki, hali kwa nje huonekana nzima. Kwa sababu hiyo mabaharia hungoja bamvua, hupandisha chombo ufukoni, na maji yakishakupwa huwasha makuti makavu chini yake ili moto uwaue wadudu hao. Kisha hukipaka tena. Chombo kisichotunzwa hivyo huoza upesi, hata kama kimejengwa kwa mti mwema.

Pamoja na utunzaji wote huo, mbao huchakaa. Mwaka huu hutolewa mbili, mwaka ujao nne. Baada ya miaka arobaini huenda pasibaki katika jahazi ila mkuku na baadhi ya mataruma ya zamani. Je, ni jahazi lile lile? Mabaharia hujibu kuwa ni lile lile, nao wana haki. Lakini tufikiri vema: ikiwa mbao si zile, wala tanga si lile, wala misumari si ile, ni kitu gani kilichobaki kilifanyalo kuwa lile? Kilichobaki ni mkuku, jina, na mfululizo wa watu waliolimiliki, mmoja baada ya mwingine. Mfululizo huo ukikatika, mwenye chombo amebaki na mbao tu.

MAFUNGU

Ni vyombo vichache ambavyo faida yake ni ya mtu mmoja. Katika uvuvi wa pwani, mapato baada ya gharama hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na fungu la kila baharia, nahodha huongezewa kwa ajili ya madaraka yake. Kadiri ya kila fungu hutofautiana mahali na mahali. Desturi hiyo ni ya haki, kwa kuwa tajiri hutoa chombo na baharia hutoa nguvu zake na huhatarisha roho yake.

Basi tutoe mfano. Tajiri anakaa Mombasa, nahodha anakaa Msambweni. Kwa miaka kumi nahodha ndiye alindaye chombo. Akiona ubao umeoza huununua mwingine kwa fedha zake, na mwaka mmoja alinunua tanga zima. Watu wa ufukoni hawamjui tajiri. Chombo hukiita kwa jina la nahodha. Siku tajiri apendapo kukiuza, nahodha husema, "Nusu ya chombo hiki ni yangu." Tajiri hujibu, "Wewe ulikuwa mtumishi wangu, na fungu lako ulikuwa ukilipata." Kila mmoja asema kweli kwa upande wake. Ubao ulionunuliwa na nahodha ulikuwa deni, au zawadi, au hisa? Jibu lategemea maneno waliyopatana siku ile, na maneno hayo yalikwenda na upepo.

Watu wa nchi nyingine walikutana na taabu hii zamani. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1894, milki ya meli iliyoandikishwa iligawanywa hisa 64, na kila mwenye hisa aliandikwa katika daftari kwa jina lake. Aliyekuwa na hisa 16 alijulikana kuwa ana robo ya meli, wala hakuhitaji kugombana. Wenye jahazi hawahitaji hesabu kubwa kama hiyo. Lakini kanuni yake yafaa: fungu la mapato ni jambo moja, na fungu la milki ni jambo jingine, na yote mawili yaandikwe mbalimbali.

BENDERA NA HATI: KESI YA MWAKA 1905

Wengine hudhani ya kuwa karatasi za chombo ni jambo jipya. Sivyo. Vanga, Wasini na Gazi zilikuwa katika ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar hata mwaka 1963, ingawa Waingereza ndio waliotawala toka mwaka 1895. Majahazi ya pwani hii yalikutana na majahazi ya Oman, ya Ghuba na ya Bara Hindi, yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Bendera ya chombo ndiyo iliyoonyesha kiko chini ya ulinzi wa nani.

Mwaka 1890 mataifa yalipatana huko Brussels kuzuia biashara ya watumwa, na sehemu ya mapatano hayo ilihusu majahazi hasa. Mwenye chombo aliyetaka bendera ya dola fulani alipaswa kuonyesha kwamba yeye ni raia wa dola hiyo au yu chini ya ulinzi wake. Kwamba ana mali isiyohamishika au mdhamini. Na kwamba ana sifa njema wala hajahukumiwa kwa biashara ya watumwa. Ruhusa ilifanywa upya kila mwaka.

Hata hivyo ugomvi ulizuka. Baadhi ya wenye majahazi wa Sur, katika Oman, walikuwa raia wa Sultani wa Maskati, lakini walipewa hati na bendera za Ufaransa. Kwa kuwa chombo chenye bendera ya Ufaransa hakikuweza kupekuliwa ovyo na manowari za Waingereza, bendera hiyo ilikuwa na thamani kubwa, na wengine waliitumia kuficha shehena ya watumwa. Uingereza na Ufaransa zilishindwa kupatana, zikapeleka shauri mbele ya waamuzi huko The Hague, katika Uholanzi.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi walisema kwamba kabla ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa ilikuwa na haki ya kutoa bendera yake kwa raia wa Sultani kwa kufuata sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo haki hiyo ilibanwa sana. Kisha wakaongeza neno ambalo kila mwenye chombo angefaa kulikumbuka hata leo: ruhusa ya bendera haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine, wala kwa jahazi jingine, hata kama jahazi hilo ni la mwenyewe yule yule. Kwa maneno mengine, karatasi ni ya mtu huyu na chombo hiki. Mtu akiuza chombo, hauzi pamoja nacho ruhusa aliyopewa yeye. Na chombo kikizama, karatasi yake haiwezi kupandishwa juu ya chombo kipya.

ASIYEWEZA KUANDIKWA

Katika pwani ya Kwale na Kilifi wako watu wa asili ya Pemba, ambao wazee wao walivuka bahari kwa uvuvi na kufanya makao huku miaka mingi iliyopita. Ni mabaharia hodari. Lakini kwa muda mrefu hawakuhesabiwa kuwa raia wa Kenya, na wengi walikuwa hawana kitambulisho. Pasipo kitambulisho mtu hakuweza kupata leseni ya uvuvi, wala kufungua akaunti benki, wala kukopa fedha za kununua mashine au nyavu.

Msomaji afikiri maana yake kwa mwenye chombo. Mtu aweza kununua mbao kwa jasho lake, akamlipa fundi, akashusha mashua majini, kisha asiweze kuiandikisha kwa jina lake. Njia inayobaki ni kutumia jina la rafiki au jirani. Rafiki akiwa mwaminifu, mambo huenda. Rafiki akifariki, watoto wake huona jina la baba yao katika karatasi, nao hawakuhudhuria mapatano. Hapo chombo hupotea kwa amani, bila wizi na bila dhoruba.

Mwezi wa Julai 2023 Serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa jamii ya Kenya, wapatao watu 7,000. Tangu hapo mlango wa kuandikishwa ulifunguliwa. Lakini kitambulisho hakihamishi chombo chenyewe. Kila aliyeweka mashua katika jina la mwenzake yampasa kwenda pamoja na mwenzake huyo, wote wawili wakiwa hai, na kubadilisha jina mbele ya mashahidi.

MIRATHI

Jambo la pili livunjalo majahazi ni kifo cha mwenyewe. Kwa Waislamu wa pwani, mirathi huenda kwa Kadhi, na mafungu yake yanajulikana. Tuseme mtu amefariki, hana deni wala wasia, wazazi wake walikwisha kufa, naye ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja, na mali yake yote ni mashua yenye thamani ya shilingi 240,000. Mke hupata thumni, yaani shilingi 30,000. Zinazobaki ni 210,000, nazo hugawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume mawili, shilingi 84,000, na binti moja, shilingi 42,000.

Hesabu hiyo ni rahisi. Lililo gumu ni kwamba mashua haigawanyiki kwa msumeno. Aghalabu mwana mmoja ambaye ni baharia huendelea kuitumia, na mama na dada hukaa kimya kwa heshima. Miaka hupita, mbao hubadilishwa, na haki ya wanawake hao huzama taratibu. Njia iliyo bora ni mbili tu: ama chombo kiuzwe na fedha zigawanywe, ama mmoja awanunue wenzake kwa bei iliyokubaliwa, tena kwa maandishi, hata kama atalipa kidogo kidogo kwa fungu la chombo. Wakipenda kukaa shirika, na wachague mmoja wa kuamua habari za safari na matengenezo. Kwani nahodha wengi, chombo huenda mrama.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA HARAKA

Pwani inabadilika. Mahali pajengwapo bandari, au pawekwapo hifadhi ya bahari, wavuvi huweza kupoteza maeneo yao. Huko Lamu, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari mpya. Katika shauri lolote la namna hiyo, swali la kwanza ni hili: nani alikuwa mvuvi mahali hapa, na nani alikuwa na chombo? Si mbao zitakazojibu. Daftari ndilo litakalojibu.

KWA ANUNUAYE NA KWA AMILIKIYE

Mtu apendaye kununua jahazi kuukuu, awe mvuvi au mwenye kuchukua wageni, na ayafanye haya kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, alitazame chombo likiwa limepandishwa ufukoni, si likiwa majini. Achome mbao za chini kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku. Kisu kikizama, bei ishuke au aondoke.

Pili, aulize majina ya wenyewe wote waliotangulia, kadiri yanavyokumbukwa, na jina la fundi. Wazee wa ufukoni na mabaharia wa zamani ndio mashahidi. Ikiwa mmoja wa wenyewe alifariki, aulize warithi wake ni nani na kama wote wamekubali kuuza.

Tatu, aende kwa kamati ya ufuo, ijulikanayo kama BMU, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2007, akatazame chombo kimeandikwa kwa jina la nani. Kwa chombo cha uvuvi, uandikishaji unatakiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016. Kwa chombo kichukuacho abiria, aonane pia na Mamlaka ya Bahari, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Ajihadhari na leseni aonyeshwayo kuwa "inakwenda pamoja na chombo". Akumbuke habari za The Hague.

Nne, hati ya mauzo iandikwe: majina ya muuzaji na mnunuzi, namba za vitambulisho vyao, jina la chombo, urefu wake, mashine na namba yake, bei, tarehe, na sahihi za mashahidi wawili. Nakala moja ikae kwa kila upande.

Naye aliyekwisha kuwa na chombo, na anunue daftari moja la shule. Ukurasa wa kwanza aandike chombo kilijengwa wapi, lini, na nani, na jinsi alivyokipata. Kurasa zifuatazo aandike kila ubao uliotiwa, tarehe yake, gharama yake, na nani aliyelipa. Tena kama malipo hayo ni deni au hisa. Daftari hilo lisikae chomboni. Likae nyumbani, pakavu, mahali ambapo mke na watoto wanapajua.

Wahenga wa pwani walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kusi na kaskazi zitaendelea kuvuma, na wadudu wa bahari wataendelea kula mbao. Hayo hatuwezi kuyazuia. Lakini jahazi ambalo habari zake zimeandikwa, hata mbao zake zote zikibadilishwa, litabaki kuwa lile lile, na mwenyewe atajulikana.